Chumba cha Unasihi na Orodha ya Majina

Swali: Mimi ni mnasihi, yaani mtoa ushauri nasaha, katika chuo kikuu kimoja cha Pwani ya Kenya, na huu ni mwaka wangu wa pili kazini. Uongozi wa chuo umenitaka niandae mpango wa kutumia huduma za unasihi kuzuia itikadi kali miongoni mwa wanafunzi, na kila mwezi niwasilishe majina ya wanafunzi ninaowaona kuwa katika hatari. Wakati huohuo, vijana wawili wanaoishi chumba kimoja na mwanafunzi wa mwaka wa tatu wamenijia na wasiwasi wao: mwenzao ameacha timu ya mpira, hahudhurii tena mihadhara ya mhadhiri mmoja, hapeani mkono na wasichana wa darasa lake, na usiku kucha yuko kwenye simu. Je, unasihi unaweza kweli kuzuia mambo haya? Na huyu kijana nimfanyeje?

Jibu: Mwenzangu, unasihi unaweza, na nimeuona ukiweza, lakini kwa sharti ambalo uongozi wako umeanza kulivunja kabla hata hujaandika mpango wenyewe. Sharti hilo ni kwamba mwanafunzi aamini kuwa chumba chako ni chumba cha unasihi na si tawi la ofisi ya usalama. Nitalirudia jambo hilo la majina baadaye kidogo, kwa sababu ndilo kiini cha swali lako hata kama hukuliweka mbele. Kwanza nieleze ninavyoielewa kazi yenyewe.

Sote tuliokuwa kwenye fani hii mwaka 2015 tunaikumbuka alfajiri ya tarehe 2 Aprili, watu wenye silaha wa kundi la Al-Shabaab la Somalia walipoingia katika Chuo Kikuu cha Garissa na kuua watu 148, na 142 kati yao wakiwa wanafunzi. Siku zile wanasihi waliitwa kwa wingi, wakawapokea wazazi katika Uwanja wa Nyayo jijini Nairobi, wakakaa nao wakisubiri majina na mabasi ya manusura. Siku kumi baadaye, katika Kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, hitilafu ya umeme ilileta mlipuko usiku, wanafunzi wakadhani wamevamiwa, wakajirusha kutoka madirishani, na mmoja akafariki na zaidi ya mia moja wakajeruhiwa. Hapo napo wanasihi waliitwa. Ndivyo tulivyozoea kutumiwa, yaani tunaitwa baada ya mazishi. Swali lako linauliza tungefanya nini kabla, na kwa hiyo ni swali gumu zaidi.

Katika habari zote za Garissa, lililonikaa moyoni zaidi ni la kijana mmoja miongoni mwa washambuliaji. Alikuwa amehitimu shahada ya sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2013. Baba yake alikuwa chifu katika eneo la Mandera, na kabla ya shambulio alikuwa amekwisha kuwaarifu wakuu wa usalama kwamba mwanawe ametoweka na kwamba anahofia amevuka kwenda Somalia. Yaani mzazi aliona, akaogopa, akasema, lakini kufikia wakati huo mlango uliobaki wa kubisha ulikuwa ule wa vyombo vya usalama, na kijana alikuwa ameshaondoka. Miaka yote minne ya chuo, kati ya ukimya na polisi, kulipaswa kuwe na mlango wa tatu. Mlango huo ndio wewe. Udongo uwahi ungali maji, walisema wazee wetu, na chuoni ndiko udongo ulikokuwa bado maji.

Sasa nikuonyeshe mambo haya kwa karibu. Miaka kadhaa iliyopita alinijia mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uhandisi, akilalamika kwamba hapati usingizi. Alikaa ukingoni mwa kiti, begi amelipakata, na neno lake la kwanza lilikuwa swali: "Haya nitakayosema yanaandikwa wapi?" Nililigeuza daftari langu likamwelekea, nikamwonyesha kwamba nilikuwa nimeandika tarehe na neno moja tu, usingizi. Alilisoma, akalitua begi sakafuni. Katika kikao cha tatu ndipo aliponieleza kwamba kaka yake alichukuliwa nyumbani usiku na watu ambao hawakujitambulisha, na kwamba tangu siku hiyo mama yake halali ila taa ikiwaka. Aliniambia pia kwamba kuna mtu ambaye hajawahi kumwona uso, aliyejuana naye katika kundi la mtandaoni, anayempigia kila usiku. Nikamuuliza huyo mtu humwambia nini. Akajibu: "Huniuliza kama nimekula."

Nilinyamaza kwa muda, kwa sababu nilijua kwamba katika muhula mzima chuo chetu kilikuwa kimemuuliza kijana yule jambo moja tu, nalo ni lini atalipa karo. Mtu aliyekuwa akimvuta alikuwa anafanya kazi yangu, na alikuwa anaifanya kwa bidii kuliko mimi. Alikuwa anamsikiliza saa nne za usiku, saa ambazo ofisi yangu ilikuwa imefungwa. Alilijua jina la kaka yake. Alimpa maelezo ya uchungu wake, maelezo mabaya na ya hatari, lakini yalikuwa maelezo, na sisi tuliokuwa naye mchana hatukuwa tumempa chochote. Kwa hiyo ninaposema kwamba unasihi huzuia itikadi kali, sisemi kwamba mnasihi ana dawa ya kumfuta mtu mawazo. Nasema kwamba wanaosajili vijana huingia kupitia jeraha ambalo halijahudumiwa, na kazi yetu ni kufika kwenye jeraha hilo kabla yao.

Utafiti unaliunga mkono jambo hili. Mwaka 2017 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, lilitoa matokeo ya mahojiano na watu waliowahi kujiunga na makundi yenye siasa kali barani Afrika. Miongoni mwa waliojiunga kwa hiari, asilimia 71 walisema kilichowasukuma katika hatua ya mwisho ni kitendo cha serikali, kama vile kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Jambo la pili lilionekana humo, nalo napenda ulikariri kwa kila mjumbe wa kamati atakayekuambia uanze na wanafunzi wanaoswali sana: kuwa na elimu ya dini ya angalau miaka sita kulipunguza uwezekano wa mtu kujiunga, na zaidi ya nusu ya waliohojiwa walikiri kwamba hawayaelewi maandiko ya dini yao, au wanayaelewa kwa uchache tu. Kijana aliyekaa madrasa miaka mingi akaisoma dini kwa utaratibu ana ngao ambayo mwenzake aliyeijua dini kupitia video za dakika tatu hana.

Ndiyo maana nakusihi usiupime moyo wa mtu kwa kanzu, ndevu, nikabu, wala kwa jina la ukoo. Waliovamia hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi mwezi Januari 2019 waliongozwa na kijana aliyekuwa mtoto wa mwanajeshi wa Kenya. Ukiweka mezani orodha ya sifa za nje, utawaudhi mamia ya wanafunzi wasio na hatia, na yule mmoja utamkosa. Waingereza walilipa gharama ya somo hili hadharani. Kuanzia mwaka 2015 sheria yao ilivilazimu vyuo vikuu kuzingatia namna ya kuwazuia watu wasivutwe kwenye ugaidi, na mwaka huohuo mwanafunzi wa uzamili katika Chuo Kikuu cha Staffordshire alihojiwa baada ya kuonekana maktabani akisoma kitabu kuhusu ugaidi, ilhali ugaidi ndio uliokuwa somo la shahada yake. Chuo kilimwomba radhi. Lakini fikiria wanafunzi wangapi Waislamu waliosikia kisa hicho wakaamua kwamba maswali yao magumu ni afadhali wayapeleke kwingine.

Hapo ndipo tunapofika kwenye orodha ya kila mwezi. Jibu langu ni kwamba usiiandike, na uwaeleze wakuu wako kwa heshima, kwa maandishi, sababu za kutoiandika.

Sababu ya kwanza ni ya kisheria. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya Kenya, kama ilivyorekebishwa mwaka 2014, inamtia hatiani mtu anayekumbatia au kueneza imani kali kwa lengo la kuwezesha vurugu, na adhabu yake inaweza kufikia kifungo cha miaka 30. Jina la mwanafunzi likipelekwa kwenye kamati kwa sababu ameacha mpira, na karatasi hiyo ikatoka chuoni, hutaweza kuirudisha, na huenda ukawa umemfungulia mtoto wa watu mlango asioujua mwisho wake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo inazihesabu taarifa za afya ya mtu na za imani yake kuwa taarifa nyeti zinazohitaji ulinzi wa pekee, na faili la unasihi limejaa zote mbili. Ombeni mwanasheria wa chuo aketi nanyi kabla ya mpango kupitishwa, wala msingoje kesi iwalazimishe.

Sababu ya pili ni ya kikazi, na kwangu ndiyo nzito zaidi. Habari chuoni haikai. Siku mwanafunzi mmoja atakapojua kwamba mnasihi hupeleka majina, hosteli zote zitajua kabla ya chakula cha jioni, na kuanzia hapo hutamkosa tu kijana mwenye itikadi kali. Utamkosa msichana aliyebakwa, utamkosa anayetaka kujiua, utamkosa anayelala njaa kwa sababu mkopo wake wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, umechelewa. Chuo kitakuwa kimenunua orodha ya uvumi kwa bei ya huduma nzima.

Usiwanyime uongozi kila kitu, lakini. Wana wajibu wa kulinda maisha ya maelfu ya watu, na hofu yao baada ya Garissa si ya kubuni. Wape takwimu zisizo na majina: ni wanafunzi wangapi waliohudumiwa mwezi huu, walikuja na mambo gani makuu, walisubiri siku ngapi kabla ya kuonana nawe. Nimewahi kuona ripoti ya namna hiyo ikiwafumbua macho wakuu wa chuo kuliko mhadhara wowote, pale walipogundua kwamba mwanafunzi aliyeomba msaada alisubiri wiki tano. Viwango vya kimataifa vya vituo vya unasihi vyuoni vinapendekeza mnasihi mmoja kwa wanafunzi kati ya 1,000 na 1,500. Hesabu mlivyo kwenu, uiandike tarakimu hiyo katika ukurasa wa kwanza wa mpango. Chuo chenye mnasihi mmoja kwa wanafunzi elfu nane hakijaanza kuzuia chochote, hata kikifunga kamera kila ukuta.

Ipo mipaka ya siri, na mipaka hiyo isemwe mapema. Mimi huisema katika dakika za kwanza za kikao cha kwanza, kwa kila mwanafunzi, aje na tatizo la mapenzi au la dini: "Tutakayozungumza hapa yanabaki hapa, isipokuwa ukiniambia unakusudia kujidhuru, au unakusudia kumdhuru mtu mwingine, au mahakama ikiniamuru niseme. Ikifika hapo nitakuambia wewe kwanza, ikiwa kufanya hivyo hakumhatarishi mtu." Wanasihi wachanga huogopa kwamba maneno haya yatamfunga mtu mdomo. Uzoefu wangu ni kinyume chake. Mtu akijua ukuta uko wapi, hutembea kwa uhuru ndani ya chumba.

Kwa hiyo jifunze kutofautisha fikra na mpango. Kijana anayesema kwamba serikali inawaonea watu wake, anayelia kwa ajili ya watoto wa Gaza au wa Somalia, hata anayekuambia kwa hasira kwamba anawaelewa waliobeba silaha, huyo bado yuko kwenye mazungumzo, na mahali pake ni kwenye kiti kilicho mbele yako. Kijana anayetaja mahali, siku, chombo au watu atakaowadhuru, anayelipa madeni yake ghafla, anayegawa vitu vyake na kuaga, anayetafuta pasipoti kwa safari asiyoweza kuieleza au kwa ufadhili wa masomo ambao hakuna anayeujua, huyo amevuka, na hapo wajibu wako ni kusema siku hiyohiyo. Amueni mapema mtamwambia nani. Watu watatu wanatosha: wewe, mkuu wa masuala ya wanafunzi na mwanasheria. Usilibebe peke yako usiku kucha, wala usilitangaze katika mkutano wa watu ishirini.

Mji wa Aarhus nchini Denmark umekuwa ukitumia njia inayofanana na hiyo tangu mwaka 2007, ambapo polisi, manispaa, shule na watu wa huduma za jamii hushirikiana, na kijana aliyeanza kuvutwa hupewa mlezi wa kukaa naye, kumsaidia kurudi masomoni, kupata kazi au makazi, na kujadiliana naye bila kumdharau. Vijana wapatao thelathini walikuwa wameondoka Aarhus kwenda Syria kufikia mwaka 2013, na mwaka uliofuata idadi ya walioondoka ilishuka mno. Siwezi kukuambia tuichukue njia hiyo yote ilivyo, maana imani iliyopo kati ya raia na polisi wa Denmark si ile iliyopo Majengo au Likoni kule Mombasa. Lakini yule mlezi wa kukaa na kijana tunaweza kuwa naye. Mhadhiri mstaafu, mhitimu aliyefanikiwa, mwalimu wa madrasa mwenye subira, wote hao wapo mjini kwenu.

Na hapa niseme neno kuhusu mijadala ya dini, kwa sababu wengi wetu huteleza hapa. Usishindane na mwanafunzi kwa aya. Wewe si mufti, na hata kama ungekuwa, mtu aliyeumia hashindwi kwa hoja na akatulia, bali hushindwa akatafuta hoja nyingine. Akileta swali la dini la kweli, mwambie wazi kwamba si fani yako, na umuulize kama angependa uonane naye pamoja na sheikh ambaye nyote wawili mnamwamini. Mtafute sheikh huyo leo, kabla hujamhitaji, na awe mtu ambaye vijana wenyewe humsikiliza. Sheikh anayeonekana kila wiki kwenye picha na wakuu wa kaunti hatakusaidia hata akiwa mwanachuoni mkubwa. Vivyo hivyo, kwa wanafunzi Wakristo wanaovutwa na wahubiri wa kufunga hadi kufa, kasisi wa chuo awe karibu. Yaliyofukuliwa Shakahola, kaunti ya Kilifi, mwaka 2023, ambako zaidi ya miili 400 ilipatikana makaburini, yametuonyesha Wapwani kwamba itikadi inayoua haina dini moja.

Sasa nije kwa kijana wako wa mwaka wa tatu. Katika uliyoyaeleza sioni hata moja linalotosha kupeleka jina popote. Kuacha kupeana mkono na wanawake wasio maharimu, yaani wasio jamaa wa karibu ambao dini imemkataza kuwaoa, ni jambo la kawaida kwa Mwislamu aliyeamua kuishika dini yake, na akikuuliza kwa nini linakushughulisha hutakuwa na jibu la kumpa. Yanayonishughulisha mimi ni mambo mawili: timu ya mpira na usiku. Mtu anapoacha kundi la marafiki wa zamani na usingizi kwa wakati mmoja, kuna kitu kimemfika. Huenda ni mwanaume wa mtandaoni anayemuuliza kama amekula. Huenda ni deni la kamari, nami nimeliona hilo mara nyingi kuliko itikadi. Huenda ni mama mgonjwa. Na kuhusu huyo mhadhiri anayemkwepa, tafuta kwanza kujua kwa utulivu ni nini kilitokea darasani, kwa maana nimewahi kukuta mwanafunzi aliyeacha mihadhara kwa sababu mwalimu alimwita Al-Shabaab mbele ya wenzake, kwa mzaha, na darasa likacheka.

Wale wawili waliokujia waambie walifanya vema, na uwaombe jambo moja tu, wasiache kuwa marafiki zake. Wasimpekue simu, wasimrekodi, wasimhoji. Wampigie simu siku ya mechi. Wamwekee chakula. Kisha mmoja wao amwambie bila kuficha: "Nina wasiwasi nawe, nilikwenda kwa mnasihi kwa ajili yangu mwenyewe, na ningependa uje nami." Usimwite kwa barua yenye muhuri wa chuo, kwa sababu barua hiyo ataisoma kama wito wa polisi, na huenda akampigia yule mtu wa usiku kumuuliza ajibu nini.

Iwapo unaweza, omba ruhusa ya kufungua ofisi jioni mbili kwa wiki, hadi saa tatu usiku. Weka chupa ya chai. Na siku atakapokuja, hata akikaa dakika kumi tu akaondoka, usimuulize lolote kuhusu dini wala siasa. Muulize jana alilala saa ngapi, na kama amekula.